Ulimi wangu una swichi

Mke wangu ndiye aliyegundua. Alikuwa akikaa macho gizani akisubiri nivute pumzi tena, na nikivuta, navuta kwa mshindo kama mtu aliyeibuka majini. Kipimo cha usingizi kikaonyesha pumzi inakatika au kufifia mara 38 kwa saa.

Kwanza nilipewa mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa. Ni tiba nzuri, wengi inawatosha. Mimi nilihangaika nayo miaka miwili, naamka barakoa iko sakafuni na sijui niliivua saa ngapi. Ndipo daktari wa masikio, pua na koo akanieleza kuhusu kipandikizi, kifaa cha kuwekwa mwilini kinachosisimua neva ya ulimi ili usogee mbele na kuacha njia ya hewa wazi.

Hakikuwa cha kuomba na kupewa. Nililazwa usingizi kwa dawa, wakapitisha kamera puani waone koo linajifunga vipi. Kaakaa laini likijibana pande zote, kama mdomo wa mfuko wa kamba, kifaa hiki kwa kawaida hakikufai. Langu lilikuwa likilala nyuma tu. Nikapita.

Siku ya upasuaji sikumbuki kitu, nilikuwa nusukaputi. Walichana chini ya kidevu, wakafunga waya kwenye matawi ya neva yanayosukuma ulimi mbele (yapo mengine yanayouvuta nyuma, hayo wanayakwepa), kisha wakaweka kifaa chenye betri chini ya mtulinga wa kulia. Kwa siku kadhaa kumeza kuliuma na maneno yalinitoka mazito.

Ambacho sikukitegemea ni kwamba kifaa hakiwashwi hapohapo. Mwezi mzima kidonda kinapona, na mimi nakoroma vilevile. “Baba Neema, si umeshapasuliwa wewe?” mke wangu akauliza. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Walipokiwasha kliniki, ulimi ulisogea mbele wenyewe, sikuuamuru. Nilicheka kwa woga. Nyumbani nabonyeza rimoti kifuani kabla ya kulala. Kinasubiri nusu saa nipate usingizi, ndipo kinaanza kazi. Nguvu unapandisha hatua moja kwa wiki. Mimi nikapandisha tatu kwa wiki moja, nikidhani nawahi kupona. Ulimi ukasuguliwa na meno ya chini hadi ukachubuka, chai ya moto ikawa adhabu. Ilibidi nirudi nyuma, nianze upya taratibu. Kama kuna mahali watu hukata tamaa, nadhani ni hapa, wala si kwenye kisu.

Baada ya miezi kadhaa nilipimwa tena usiku kucha, kifaa kikiwa kimewashwa: mara 9 kwa saa. Si sifuri, lakini sisinzii tena kwenye usukani. Betri inakadiriwa kudumu miaka kama 11, kisha nitapasuliwa tena kidogo kuibadilisha.

Kilichobaki ni usingizi wa mchana. Napitiwa kwenye kochi bila kuwasha, nikishtuka namkuta mke wangu amesimama juu yangu na rimoti mkononi.