Ninavyoiseti Honda CG125 ya zamani nyumbani: kabureta naigusa mwisho

Honda CG125 ilitoka mwaka 1976. Zile za mwanzo, za umeme wa volti 6 na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), zikianza kukatakata au kunywa petroli, watu wengi hukimbilia skrubu ya kabureta. Mimi nafuata mpangilio mwingine: tapeti (nafasi kati ya roka na valvu), moto (wakati plagi inapotoa cheche), filta, kisha kabureta. Valvu isiyofunga vizuri au moto unaochelewa hautibiki kwa petroli, na ukilazimisha utaficha ugonjwa tu.

Tapeti naziseti injini ikiwa baridi kabisa. Natoa plagi, nafungua kifuniko cha roka (mikono inayosukuma valvu) na kile cha flaiwili (gurudumu zito la injini) upande wa kushoto, kisha nazungusha flaiwili kinyume cha saa hadi alama yake ya T (pistoni iko juu kabisa) ilingane na alama ya kwenye bodi. Hapo roka zote mbili zinatakiwa zicheze kidogo ukizitikisa kwa kidole. Moja ikiwa imekaza, pistoni iko juu lakini si kwenye kompresha (pale valvu zote mbili zinapokuwa zimefunga). Zungusha tena mzunguko mmoja mzima. Nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukikaza nati, skrubu huelekea kuzunguka nayo, kwa hiyo ishike kwa bisibisi na upime tena baada ya kukaza. Tapeti iliyolegea hupiga kelele na unaijua mapema. Ninayoiogopa ni iliyobana, kwa sababu iko kimya: valvu ya eksozi haikai kwenye kiti chake, haipozi, mwisho inaungua.

Pointi zinaonekana kupitia tundu la flaiwili. Zikiwa na vishimo vidogo, nazisugua kwa msasa laini, halafu napitisha kipande cha karatasi ngumu safi kuondoa unga, maana unga huo peke yake unatosha kuua moto. Zikifunguka kabisa, nafasi iwe milimita 0.3 hadi 0.4. Sasa bana karatasi nyembamba sana katikati yake, ivute kidogo huku ukizungusha flaiwili taratibu. Karatasi inapaswa kuachiwa pale alama ya F ya flaiwili, ya wakati wa cheche, inapofika kwenye alama ya bodi. Ikiachiwa kabla, moto unawahi: punguza nafasi kidogo. Ikichelewa, ongeza. Pointi mpya zikichimbika upesi na kutoa cheche nyingi, badilisha kondensa (kifaa kidogo cha umeme kinachozuia cheche kwenye pointi), usizilaumu pointi.

Plagi ni D8EA, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7.

Kwa vumbi letu la murram, filta ya sponji naiosha kwa maji ya sabuni, naikamua bila kuisokota, inakauka kabisa, naipaka oili na kuikamua tena. Sponji kavu hupitisha vumbi, na vumbi hula silinda.

Ndipo naendesha hadi injini ipate moto, kisha kabureta. Skrubu ya mchanganyiko ifunge polepole hadi iguse tu (ukikaza unaharibu ncha), ifungue mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo itafute sehemu ambapo injini inazunguka kwa kasi zaidi, kisha shusha kwa skrubu ya silensa (ya kasi ya injini bila kuvuta mafuta) hadi karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Rudia mara moja. Angalia kwanza skrubu iko wapi: ikiwa upande wa filta inatawala hewa, kuifunga kunaongeza utajiri wa petroli, ikiwa upande wa injini, ni kinyume chake.

Plagi ikitoka nyeusi ya masizi makavu, petroli imezidi. Anayeishi Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ataona hivyo zaidi kuliko wa Kampala kwenye mita 1,200 hivi, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Pandisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja ili sindano ishuke. Ukirudi kukaa Kampala irudishe ilipokuwa, kwani petroli pungufu huichemsha injini.