Beji ya Henry Fleming

Nimeirudia The Red Badge of Courage ya Stephen Crane, riwaya ya mwaka 1895 kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na safari hii nimegombana na ukurasa wa mwisho. Msimulizi anatuambia Henry Fleming, askari kijana anayesimuliwa humo, sasa ni mwanamume. Mimi naona bado.

Henry anatimua mbio mapigano yakipamba moto. Baadaye anajikuta kwenye msafara wa majeruhi, akiwaonea wivu. Anatamani naye awe na jeraha, hiyo beji nyekundu ya ushujaa. Na anaipata! Anamkamata mkono askari wa upande wake mwenyewe, naye yuko mbioni, amuulize kuna nini. Yule kwa kiwewe anamtwanga bunduki kichwani. Henry akirudi kikosini anadai amepigwa risasi. Koplo anaitazama ile nundu, anasema imevimba kama ya mtu aliyepigwa rungu, lakini hata yeye anakubali kuwa ni risasi. Askari mwenzake Wilson anamfunga kitambaa. Hapo nilicheka peke yangu.

Wavulana wetu wakienda jando, angalau ngariba na wenzao wanajua kidonda kimetoka wapi, na aliyelia anajulikana. Henry anapewa heshima na watu wasiojua lolote, na heshima hiyohiyo ndiyo inayompa nguvu kesho yake hadi anashika bendera ya kikosi mbele ya risasi. Ushujaa wa siku hiyo siukatai. Crane, aliyezaliwa 1871 vita vikiwa vimekwisha na ambaye hakuwa ameona mapigano alipoandika, alijua jambo hili: uongo unaweza kumfanya kijana asimame imara.

Henry alipokwenda vitani, mama yake alimuaga akimenya viazi. Alimpa jozi nane za soksi na jamu, akamwambia asidhani atalipiga jeshi zima la waasi peke yake, yeye ni kijana mmoja tu kati ya wengi. Henry alikereka, alitaka maneno makubwa ya ngao na ushindi. Kwangu hakuna sauti yenye akili zaidi kitabu kizima.

Kinachonizuia nimwite mwanamume ni askari mmoja wa ule msafara wa majeruhi, mwenye nguo zilizochanika. Ana risasi mwilini, damu inamwishia, na bado anamuuliza Henry kwa upole, "Umepigwa wapi?" Anamhangaikia mtu asiye na hata mkwaruzo. Henry anamwacha akitangatanga shambani, akili zikimpotea. Mwishoni kumbukumbu hiyo inamchoma, kweli, ila soma vizuri anachokiogopa: wenzake wasije wakajua. Kisha anaisukuma mbali na kuendelea na matembezi, na Crane anamruhusu.