Kichocho hakikai Paje

Muulize mtu wa Paje au Jambiani, kusini-mashariki ya Unguja, habari za kichocho, kwao hilo gonjwa la kukojoa damu ni la kusikia tu. Muulize wa Chaani, kaskazini ya Unguja, au wa Uwandani kule Pemba, atakutajia nduguze mmojammoja. Na watu ni walewale jamani, tunaoana, tunazikana, watoto skuli wanasoma mambo yaleyale.

Tofauti ni jiwe. Kusini na mashariki ya Unguja ni maweni matupu, mvua ikipiga maji yote yanazama chini, huoni mto wala bwawa, watu tangu zamani wanachota visimani na mapangoni. Kichocho bila maji baridi ya juu hakina pa kukaa kwa sababu lazima apatikane konokono wake, na wala si konokono yeyote, maana huko kusini wapo wa jamaa hiyohiyo lakini mdudu wa kichocho wa hapa kwetu hawambebi. Wanaombeba wako kaskazini na katikati ya Unguja, na Pemba ndo usiseme, kisiwa kile ni vilima na mabonde, kila ukishuka unakuta kijito au bonde la mpunga.

Mwenye ugonjwa akikojoa majini mayai yanaanguliwa, vidudu vinamwingia konokono, baada ya wiki kadhaa vinatoka vyengine vyenye mkia vinatafuta ngozi ya mtu. Huhitaji kuyanywa maji, kutia mguu tu basi. Tena vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, mchana wa saa sita saa saba. Haya, watoto wa zamu ya asubuhi wanatoka skuli saa ngapi? Saa hizohizo, na njiani kuna mto, na joto lile.

Ndo maana mimi huwa sielewi mtu anaposema "hawa watu wa shamba hawasikii elimu". Elimu wanayo, mtoto wa darasa la nne atakuchorea mzunguko wa kichocho, konokono na mishale yake, vizuri kabisa. Lakini mfereji wa bomba unatoa maji usiku wa manane au hautoi siku tatu, na mama ana nguo za watoto sita, we mwambie asiende mtoni uone atakavyokujibu. Atakwambia lete maji.

Halafu kuna aibu. Mvulana akikojoa damu wapo wanaochukulia ni ukubwa unakuja, anachekwa kidogo inapita. Mwanamke ndo hatari zaidi, kichocho kikimshika sehemu za siri dalili zinafanana na za magonjwa ya zinaa, sasa nani ataanza kueleza hayo mbele ya mkwe? Ananyamaza anaumia miaka.

Dawa ipo, prazikwanteli, wenyewe mmeiona, unasimamishwa kwenye ule mti wa kupimia urefu ndo unahesabiwa vidonge, vikubwa, vichungu, na ukimeza hujala utajuta. Kati ya 2012 na 2017 ulifanywa utafiti mkubwa Unguja na Pemba, watu wakapewa vidonge mara mbili kwa mwaka, baadhi ya shehia zikaongezewa kuua konokono na nyengine zikaongezewa mafunzo ya kubadili tabia. Ugonjwa ulishuka sana tu, lakini haukwisha, yakabaki maeneo sugu hapa na pale. Na sishangai, kwa sababu kidonge kinaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inabaki, na hata ukitoka safi kabisa kesho unarudi kwenye maji yaleyale.

Malaria nayo ina ramani yake lakini ni ya safari. Hapa visiwani imeshuka miaka mingi sasa, na wagonjwa wengi wanaopatikana ni watu waliosafiri bara wakarudi nayo, kwahiyo huko cha kuangalia ni boti na madau.

Kichocho nacho kinapanda chombo vilevile ila watu hawakifikirii hivyo. Msimu wa karafuu Pemba watu wanahama, wengine wanalala hukohuko shamba na watoto wao, wanaoga mtoni, wanafua mtoni, na mtu akikojoa hapo wala hakuna anayemuona. Siku ya vidonge ikiangukia wakati huo mgawaji anapita nyumba kwa nyumba anakuta bibi na kuku.