Siku Moja Maishani Mwangu: Wakili wa Wagonjwa

Saa 2 asubuhi. Kabla simu hazijaanza, naangalia kalenda ya ukomo. Muda wa kufungua shauri ukipita, kesi imekufa hata kama kosa liko wazi. Leo kuna moja linalokaribia. Nasaini hati ya madai, karani anatoka mbio kwenda masijala.

Saa 3. Mama mmoja analeta malalamiko ya mumewe. "Operesheni iliharibika, wakili, si ushahidi huo?" Hapana, mama. Matokeo mabaya peke yake si uzembe. Tunatakiwa kuthibitisha kwamba daktari alikuwa na wajibu kwa mgonjwa, akaukiuka, ukiukaji huo ukaleta madhara, na madhara yapo. Wengi hudhani kazi ni hilo la pili. Kesi hufia kwenye la tatu.

Saa 5 hadi saa 8 nasoma faili la mteja mwingine (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Sianzi na ripoti ya daktari, kwa sababu hiyo huandikwa mambo yakishatulia. Naanza na karatasi ya vipimo ya wauguzi. Baada ya upasuaji, mapigo na shinikizo la damu vimejazwa kila saa hadi saa 6 usiku. Kisha safu tupu. Saa 11 alfajiri: mapigo 138, shinikizo limeporomoka. Alikuwa akivuja damu ndani kwa ndani, na figo zake zikaharibika.

Safu hizo tupu ndizo ukiukaji. Lakini upande wa pili watauliza: hata angepimwa saa 8 usiku, figo zake zingepona?

Saa 9. Nampigia bingwa wa upasuaji, shahidi wetu mtaalamu. Kumpata kulikuwa shughuli. Madaktari hawapendi kumshuhudia mwenzao vibaya, na siwalaumu sana. Sheria nayo inawapa kinga: tangu kesi ya Bolam ya Uingereza, 1957, daktari aliyefuata utaratibu unaokubalika kwa wenzake wenye ujuzi hahesabiwi mzembe. Kesi ya Bolitho, 1997, ikaongeza kwamba utaratibu wenyewe lazima uingie akilini. Bingwa hazunguki: mgonjwa angerudishwa chumba cha upasuaji kabla ya saa 9 usiku, kuna uwezekano mkubwa figo zingesalimika. Katika kesi ya madai, uwezekano unaozidi nusu unatosha. Namwomba aniandikie hivyo hivyo.

Saa 10 jioni. Wakili wa bima ya hospitali anataka tuyamalize nje ya mahakama. Kesi nyingi huishia hivyo, na si aibu. Ila ofa yake inalipa bili zilizopita tu. Kusafishwa damu kwa miaka ijayo je? Mshahara uliokatika? Maumivu? Nakataa, kwa maandishi.

Saa 12. Namwarifu mke wa mteja. Anauliza itachukua muda gani. Pengine miaka, namwambia. Anataka kuja mahakamani na mumewe siku ya kwanza. Nasema si lazima, halafu najirudi: aje naye, jaji amwone.