Maharage ya mama na sindano ya mgongo

Mama alipoanza kupotewa na kumbukumbu, daktari alitaka kumtoa maji ya mgongoni, yapimwe kama ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Majirani wa Kadutu, huku Bukavu, walinionya kwa sauti moja: mzee akichomwa sindano ya mgongo hatembei tena. Maneno hayo yalinipotezea miezi mitatu, na hadi leo yananikera. Wakati huo mama alikuwa akimpakulia baba chakula kila jioni, na baba tulishamzika zamani. Daktari alinionyesha kwa kidole kwenye mgongo wangu mwenyewe: uti wa neva ulio ndani ya mifupa unaishia juu, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne, penye maji na mishipa ya fahamu inayoelea.

Siku ya kwanza tulishindwa. Kila alipoguswa mgongoni, mama alinyooka kama mlingoti: "Binti yangu, nani huyu?" Akinyooka, pingili zinafunga njia. Daktari alijaribu mara mbili, akaacha. Nililia njia nzima.

Usiku nikakumbuka: mama aliuza maharage sokoni tangu mimi mdogo. Tuliporudi kwa daktari nilibeba ungo na maharage, nimeyachanganya na vijiwe makusudi. Nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye kigoda, ungo mapajani. "Mama, wateja wanasubiri." Akainama mwenyewe, mgongo ukapinda kama upinde, vidole vikaanza kusaka mawe. Ganzi ilipomchoma alisema "mbu" tu, akaendelea kuchambua. Nyuma yake maji yalidondoka tone kwa tone, maangavu kama ya chemchemi.

Ukienda, ulizia mapema tyubu za kuwekea maji hayo. Ziwe za plastiki ya polipropileni, maana amiloidi, protini inayopimwa, hung'ang'ania kioo na kipimo kinadanganya. Zetu ziligandishwa, zikapitia Kigali hadi maabara ya Ulaya. Zilinitoka dola mia nne hivi, pengine na zaidi.

Jibu lilipokuja, amiloidi beta 42 ilikuwa chini, nikashangilia. Kumbe inapungua kwenye maji kwa sababu imeganda ubongoni. Tau, protini nyingine ya ubongo, ilikuwa juu, na tau yenye fosfati pia. Ni Alzheimer. Shangazi aliyetaka mbuzi wa kumpelekea mfumu, yaani mganga, nilimsomea karatasi yote, mstari kwa mstari, akanyamaza.

Ugonjwa hauponi, najua. Lakini hakuna tena anayemwita mama mchawi mbele yangu, na kila asubuhi namwekea ungo wake mlangoni, penye jua.