Siku yangu na madereva wa nje: kutoka geti la bandari mpaka kizimbani

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka, naswali, halafu kabla hata ya chai nafungua meseji za usiku. Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Changamwe, nafanya na kampuni ya malori ya transiti, yale ya mizigo inayopita Kenya kwenda nchi nyengine, na kazi yangu si kuendesha wala si kuklia kontena, mimi naangalia madereva wa nje. Waganda, Wanyarwanda, Wakongo, Watanzania, tangu anapotoka geti la bandari mpaka avuke mpaka salama. Akisimamishwa na trafiki njiani, namba ya kwanza anayopiga ni yangu. Pia wale wetu wa hapa wanaoenda Tanzania na Uganda wakishikwa huko, hao nao wananipigia mimi. Leo usiku ulikuwa mtulivu, meseji ni za kawaida tu, mmoja ashavuka Malaba, mwengine amelala Maungu, alhamdulillahi.

Saa moja asubuhi niko kwa mama wa mahamri karibu na geti nangoja dereva mgeni kabisa, kijana wa Goma, mara yake ya kwanza kushuka Mombasa. Alikuja na mwenzake mzoefu lakini kurudi anarudi peke yake na tanboi, yule msaidizi wa dereva. Nikamuagizia mahamri na mbaazi tukakaa. Mimi dereva mgeni siongei naye ofisini, ofisini anaitikia tu ndio dada ndio dada na hakuna kilichoingia, bora hapa anakula mtu anauliza maswali yake.

Nikamwambia hebu nipe leseni yako niione. Akanipa, na ndani ya kile kifuko cha plastiki mna noti ya elfu moja imekunjwa mara nne, imebanwa nyuma ya leseni, pembe yake inachungulia kidogo tu. Nikaitoa nikamrudishia mkononi. Akashangaa, akaniambia dada, ile ni ya polisi, mwenzangu alinionyesha banaweka vile. Nikamueleza taratibu, sikiliza ndugu yangu, hapa Kenya kuna sheria ya hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana kosa na adhabu yake yaweza kufika miaka kumi jela, kwa hiyo ukimpa afande leseni yenye noti ndani huo ni ushahidi umempa kwa mkono wako mwenyewe. Umetoka na leseni nzima, na bima, na lori halina kasoro, halafu unajitengenezea kosa ambalo hukuwa nalo.

Hili la noti ndani ya leseni linaniuma sana. Huyu kijana si mhalifu, anaogopa tu. Yuko nchi ya watu, lugha anaisikia nusu nusu, kila mwenye sare kwake yeye ni mtu anayeweza kumfunga, basi anaona bora alipe kabla hajaulizwa.

Kila dereva nampa bahasha ya khaki. Ndani mna kopi ya leseni, kopi ya kadi ya gari, karatasi za forodha za mzigo, kadi ya njano ya COMESA (ndo bima ya kuvukia mipaka, hiyo lazima iwe orijino), tikiti ya mizani akishapima Mariakani, na karatasi moja nimeichapa mwenyewe yenye viwango vya faini ndogo ndogo kwa kanuni za 2016. Kutofunga mkanda 500. Kutoonyesha leseni ukiulizwa 1,000. Simu mkononi unaendesha 2,000. Kutofuata alama ya barabarani 3,000. Kuziba njia 10,000. Sipendi dereva asimame pale barabarani hajui hata kosa lake lina uzito gani, mtu anaambiwa elfu ishirini kwa sababu ya mkanda na anaanza kutafuta elfu ishirini.

Kisha tukazunguka lori pamoja. Tairi sawa, hakuna kipara, reflekta za nyuma ziko, laifseva, zile pembetatu za kuweka barabarani lori likiharibika, ziko mbili, wipa zinafanya, fayastingisha haijapitwa na tarehe. Shida yake ni moja na hiyo haitoki, usukani uko kushoto. Kongo wanaendesha upande wa kulia, Rwanda na Burundi pia, sisi na Uganda na Tanzania kushoto. Sasa yeye akitaka kuovateki huku kwetu haoni mbele mpaka atoe kichwa kizima cha lori katikati ya barabara. Nikamuita tanboi nikamwambia wewe ndo jicho lake, asitoke mpaka wewe useme, na mstari wa njano usiokatika msiuguse hata kama mbele kuna gari la makaa linatambaa.

Wakatoka saa mbili na nusu hivi.

Saa tatu, ofisini. Simu ya mzee mmoja wa Tanzania anayeingilia Lungalunga, mtu mzima, mpole sana, nikampa shikamoo yake akaitikia marahaba mwanangu, nimesimamishwa upande wa Kwale hapa, trafiki anasema bima yangu si ya Kenya. Nikamwambia baba washa spika. Nikaongea na afande kwa heshima, nikamueleza kadi ya njano inafanya kazi Tanzania kama inavyofanya hapa, Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 ni kweli, lakini kwenye mpango wa bima wa kadi ya njano imo, na Kenya imeandikwa pale kwenye kadi yenyewe, aangalie. Akaangalia. Akasema sawa mama, apite. Dakika kumi zimekwisha. Wengi wao ni hivi jamani, si kila trafiki ana njaa, wengine hajaiona tu hiyo kadi na ukimuonyesha bila kiburi anakuelewa.

Saa tano kasoro, sasa kazi yenyewe ikaanza. Goma anapiga. "Dada, polisi bananisimamisha, banasema niko na kosa, banaomba franga, nifanye je?" Nikamuuliza kosa gani, kimya, halafu tanboi akachukua simu akanieleza, kulikuwa na lori bovu linapanda mlima, wakatoka, mstari wa njano ukakanyagwa. Basi kosa lipo, siwezi kusema halipo. Pesa iliyotajwa ilianza elfu kumi ikashuka mpaka elfu nne, papo hapo, bila karatasi. Nikamwambia mwambie afande hivi, kosa nimekubali, naomba niandikiwe. Maneno hayo tu, usiongeze, usibishane, simu usimrekodi usoni ukaleta ugomvi. Akaambiwa basi geuza twende kituoni.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi kwa nini dereva wa transiti akitajiwa kituo anatoa pesa haraka. Lile kontena lina sili ya kielektroniki ya KRA, watu wa kodi na forodha, lori likitoka kwenye njia yake au likisimama mahali lisipopaswa, kengele inalia kwenye mitambo yao na kuna timu ya kulifuata. Kwa hiyo dereva ana hofu mbili kwa pamoja, polisi mbele na forodha nyuma. Mimi kitu cha kwanza nikapiga simu kwa wanaofuatilia sili, nikawapa namba ya gari, nikawaambia limepelekwa kituoni na polisi, lisihesabiwe kama limepotea njia. Halafu nikachukua bodaboda mpaka steji, nikapanda matatu.

Nimefika karibu saa saba. Kijana amekaa kwenye benchi la mbao, bahasha ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Afande wa meza ya OB, lile daftari la matukio la kituo, Mungu ambariki, alikuwa mtu wa haki. Karatasi ya mashtaka imeandikwa kwa Kiingereza, kijana anajua Kifaransa na Kiswahili cha kwao, nikamuomba asomewe kwa lugha anayoelewa kwa sababu Katiba ibara ya 49 inasema hivyo, mtu akishikwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa na haraka. Afande akamsomea kwa Kiswahili pole pole, neno moja moja, mpaka kijana akatikisa kichwa.

Tukaambiwa kuna njia mbili. Dhamana ya pesa taslimu leo, arudi kortini baada ya wiki mbili. Ama apelekwe kortini leo leo. Mwenyeji atachukua dhamana, ni rahisi. Lakini mgeni baada ya wiki mbili yuko Goma, yuko Bunagana, yuko wapi sijui. Asipotokea dhamana imepotea, hakimu anatoa waranti, na safari ijayo akishuka tena na jina lake akaingizwa kwenye kompyuta anashikwa kama mtoro. Nimeshaona mtu akilala ndani kwa kosa dogo la miezi nyuma kwa sababu alidhani ile dhamana ndo faini. Dhamana si faini wapendwa, dhamana ni ahadi ya kurudi, na kama huwezi kurudi usiichukue. Nikaomba twende leo. Nilibembeleza sana kwa sababu mchana ushaingia na faili za asubuhi zishaondoka, mwishowe wakakubali.

Tunangoja kwenye korido ya korti, saa nane na nusu, nimekula biskuti na maji, simu nyengine. Huyu ni wetu wa Likoni, amepakia tiles anakwenda Dar, ameshikwa na spidi kijijini mbele ya Muheza. Kule bango la 50 likianza unashuka 50 mpaka uone bango la kumaliza, watu wetu wanaona barabara iko wazi wanaachia gari. Trafiki wa kule mwenye sare nyeupe amemuonyesha picha, amemuandikia, thelathini elfu za Tanzania na kontroli namba, ile namba ya kulipia serikalini. Hapo hakuna pesa ya kushikana mikononi. Shida ni laini, yeye ana laini ya Kenya na haimlipii ile namba, basi mimi namtumia rafiki yangu wa Tanga naye analipa kutoka simu yake, ananirushia risiti, namrushia dereva, gari linaenda. Nilimwambia ailipe leo leo maana ikikaa inaongezeka, na trafiki mwengine mbele akiingiza namba ya gari deni linatokea. Mimi kusema kweli napenda mtindo wa Tanzania hapo. Inauma, lakini mgeni anajua analipa nini na anamlipa nani.

Saa kumi kasorobo tukaitwa. Kijana akasomewa, mkalimani akasimama naye (hiyo pia ni haki, na hailipiwi), akakubali kosa, akasema mimi mgeni, usukani wangu uko kushoto, naomba msamaha. Hakimu akamuuliza tanboi alikuwa wapi. Faini elfu tano. Tukalipa kwa paybill ya serikali 222222, karani akatoa risiti.

Sasa najua mtu atasema, barabarani ilikuwa elfu nne, kortini elfu tano na siku nzima imekufa, si ungetoa tu. Hata bosi wangu alinipigia na hayo hayo, lori limekaa, mwenye mzigo anauliza. Mimi nilimjibu na nitaandika hapa pia. Ile elfu nne haitoki kwa kampuni, inatoka kwenye posho ya dereva, kwa sababu haina risiti na uhasibu hawarudishi kitu kisicho na risiti. Hii elfu tano anarudishiwa yote. Halafu kuna jambo la namba ya gari, lori la nje likishajulikana dereva wake anatoa, vizuizi vinapeana habari, kutoka hapa mpaka Malaba kila mwenye fimbo atalisimamisha, na mwezi ujao, na mwaka ujao, na dereva mwengine atakayepewa lori hilo hilo analipa kwa ajili ya wa kwanza. Nimewaona madereva wanafika nyumbani na mkono mtupu baada ya wiki tatu barabarani, posho yote imeishia kwenye leseni iliyokunjiwa noti. Hao wana watoto.

Kinachonikera mimi ni ule muda. Mtu amekubali kosa saa tano, kiwango kiko kwenye kanuni, mbona asilipe pale kituoni kwa simu, akapewa risiti, akaenda? Mgeni ndiye anayehitaji hilo kuliko sote.

Saa kumi na mbili lori limerudi barabarani. Kijana alipiga picha risiti, akaituma kwa wenzake wa Goma na sauti ndefu ya Kiswahili chao na Kifaransa, sikuelewa yote ila nilisikia "balinipatia risiti, kweli kweli" mara kadhaa. Nikawaambia wale wa sili limeondoka, nikamwambia alale Voi, usiku na usukani wa kushoto sitaki.

Saa tatu usiku niko nyumbani naandika hesabu. Madereva mnaosoma hapa, wekeni hizi namba kwenye simu, 1559 ya IPOA, wale wanaosimamia mwenendo wa polisi, ukionewa na polisi, 1551 ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ukidaiwa hongo. Na wenye malori wapelekeeni wageni wenu watu wa kuwapokea kituoni, msiwaachie waongee wenyewe.

Kesho nna malori ya Kigali yanatoka asubuhi. Ile karatasi ya faini nimepata mwalimu mmoja Tudor wa kuniwekea kwa Kifaransa, nitaichapisha kabla ya saa moja iingie kwenye bahasha.