Mashina ya Mpamba, Nandete

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Begini nilibeba daftari lenye kurasa 40 za riwaya yangu ya Vita vya Majimaji. Sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kwanza: mamia ya wanaume wanavamia shamba la pamba, mikuki juu, ngoma zinarindima. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, nami nikiendelea kuisoma.

Baadaye nikashuka na kupanda bodaboda kuelekea vilima vya Matumbi.

Nandete pana mnara. Hapa, Julai 1905, Wamatumbi waling'oa mashina machache ya mpamba. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela ndio wanaotajwa kuanza. Mashina machache tu! Walijua kwamba kwa kuyang'oa wamemtangazia Mjerumani vita. Vikaenda hadi 1907, na njaa ikaua wengi kuliko risasi, maana askari walichoma mashamba na maghala.

Mzee mmoja alinikaribisha chini ya mwembe. Nikamwamkia, nikamweleza ninachoandika.

"Mjukuu wangu, umewahi kung'oa mpamba?"

"Hapana, babu."

"Una mzizi mmoja, unashuka wima. Ukivuta kwa hasira unakukatikia mkononi. Lazima uiname."

Mamia yangu wakatawanyika palepale. Wakabaki watu wawili, wameinama, hawasemi, wanausikia mzizi ukiachia udongo.

Usiku, gesti Kipatimu, nilimkumbuka mwandishi wa tamthilia, Ebrahim Hussein. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini kukusanya kumbukumbu za vita hivi kwa wazee. Mwaka 1969 ikatoka tamthilia yake, Kinjeketile. Mganga wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa ya kukinga risasi, aliitwa Kinjikitile. Mhusika wa Hussein ni Kinjeketile. Herufi mbili zimebadilika, na ndani ya herufi hizo mwandishi amepata nafasi yote aliyoihitaji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kinjeketile anaishi mpaka vita vinashindwa, aulizwe gerezani kama maji yalikuwa uongo, naye anakataa kuyakana.

Lakini Hussein hakuokota jibu hilo hewani. Husimuliwa kwamba Kinjikitile aliwaambia wanyongaji kumuua hakutasaidia kitu, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Kila nikiyasoma maneno hayo nalisikia gereza la tamthilia. Tarehe ameiacha, uzito wa maneno ameubeba wote.

Nikachana kurasa za sura ya kwanza, nikaandika upya hadi taa ilipozimika. Mikuki hakuna, ngoma hakuna. Ila nimeandika mgongo wa mtu aliyeinama, na mikono yenye tope.

Kurudi Dar tulipita njia panda ya Mohoro mchana. Konda aliita mara moja, "Mohoro!", hakushuka mtu. Nikafungua daftari na kuliandika jina hilo juu ya ukurasa mtupu.